Uhakiki wa Saa ya Fedha

Imezoeleka kwetu kwamba mhakiki huhakiki shairi, hadithi, au mchezo wa kuigiza. Kazi ya sonara, ya mchonga milango, au ya fundi wa majahazi hupita mbele ya macho yetu bila ya kupimwa kwa maneno. Tukiipenda twasema ni nzuri, tusipoipenda twanyamaza. Desturi hiyo siipendi. Kitu kilichofanywa kwa mikono kina mtungaji wake, kina vina vyake na mizani yake, na kina mahali kilipofaulu na mahali kilipokosea. Nataka kukijaribu kipimo hicho juu ya kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono: saa ya mfukoni ya fedha, kazi ya Kiingereza ya miaka ya 1860.

Saa yenyewe niliijua kwa fundi saa mmoja mzee wa Mombasa. Mwenye saa aliipeleka kutengenezwa, akafariki kabla ya kuifuata, na wanawe wakamwambia Mzee aichukue badala ya ujira wake, pamoja na mkufu wake wa fedha uliokatika vipande viwili. Ilining'inia ukutani kwenye msumari miaka mingi. Kisha sonara wa mtaa wa pili alikuja, akaipima kwa mkono, akasema kwamba angelinunua kasha lake kwa uzito wa fedha, aliyeyushe, na matumbo ya saa angemrudishia Mzee katika karatasi. Jambo hili si geni. Makasha mengi ya saa za kale yamekwisha katika tanuri za masonara, hasa bei ya fedha ilipopanda mno mwaka 1980.

Mzee hakuwa na haraka ya kumjibu. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kupima maneno. Nipimie na hii. Je, kazi iliyomo ina thamani kuliko fedha yake?"

Niliitazama, nikaanza kuusifu uso wake. Mzee alitikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Saa ya Kiingereza haihukumiwi usoni. Kaa, nikufungulie."

Hata hivyo nitaanza na uso, maana ndiko anakoanza kila mtu. Ni mweupe kama yai, na weupe wake si rangi iliyopakwa, bali ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikanyunyizwa juu ya bamba jembamba la shaba nyekundu, kikatiwa motoni hata kikayeyuka na kushikamana. Ndiyo sababu miaka zaidi ya 150 haikuufanya manjano. Nambari zake ni za Kirumi, ndefu na nyembamba, na nne imeandikwa kwa vijiti vinne, IIII, si IV kama mlivyofundishwa darasani. Ni desturi ya watengenezaji saa tangu kale, na jicho hulikubali, kwa kuwa vijiti vinne huulingana vizuri uzito wa VIII iliyo mkabala wake. Akrabu zake ni za feleji yenye rangi ya buluu. Hapana ua wala ndege wala jumba lililochorwa. Huu ni uso wa mtu asiyependa kusema sana, nami nauhesabu kuwa mzuri kwa sababu hiyo.

Msomaji wa Kiswahili, lakini, huusoma kwa namna ya peke yake. Mwingereza huanza kuhesabu saa zake katikati ya usiku, sisi huanza jua linapochomoza; basi akrabu ikielekea juu kabisa kwenye XII sisi hutamka sita. Twautazama upande mmoja wa duara na kuusema upande wa pili. Na katika saa hii, kama zilivyo nyingi za namna yake, hiyo sita tunayoitamka haipo kabisa: mahali pake pamechukuliwa na duara dogo la sekunde. Fundi aliyeiandika hakutuwazia sisi. Si kwamba mafundi wa London hawakujua kumwazia mgeni. George Prior na wenzake walitengeneza kwa ajili ya soko la dola ya Uthmaniya saa za fedha zenye makasha matatu na hata manne, na nambari zake ni zile ambazo Waturuki na Waarabu walizoea kuzisoma.

Kasha ni la fedha tupu, nene, lisilo na kito. Mgongoni palikuwa na mistari myembamba ya mawimbi iliyochorwa kwa kerezo, nayo imefutika katikati kwa kusuguana na nguo, ikabaki ukingoni tu. Saa ya fedha haikuwa saa ya wakuu. Wakuu walivaa dhahabu. Fedha ilikuwa ya mwenye duka, nahodha, mkulima aliyejiweza, mwalimu. Tofauti hiyo hata serikali iliitambua. Mwaka 1797 William Pitt, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alitoza watu kodi kwa kumiliki saa: shilingi 10 kwa mwaka kwa saa ya dhahabu, na shilingi 2 na nusu kwa saa ya fedha. Watu waliacha kununua, mafundi wakakosa kazi, na kodi hiyo ilifutwa mwaka uliofuata.

Ndani ya kifuniko cha nyuma mna alama ndogo zilizopigwa kwa mhuri, nazo zataka kusomwa kama mstari wa maandishi. Kuna simba anayetembea, ameinua mguu mmoja wa mbele. Huyo ni shahidi kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini haya sehemu 925 ni fedha safi, na amekuwa akipigwa juu ya fedha ya Kiingereza tangu mwaka 1544. Kuna kichwa cha chui, kuonyesha kwamba fedha hii ilipimwa London. Kama ingalipimwa Birmingham pangalikuwa na nanga. Kuna herufi moja ya mwaka. London ilitumia herufi 20 kwa zamu, miaka 20, kisha ikaanza upya kwa herufi za umbo jingine, hata anayejua maumbo hayo aweza kuutaja mwaka bila ya kuuliza. Mwisho kuna herufi mbili za jina la mfua kasha. Hapana aliyeruhusiwa kujipigia simba mwenyewe. Kazi ilipelekwa kwenye nyumba ya kupimia, ikakwanguliwa kidogo, ikajaribiwa, na ikionekana pungufu iliharibiwa. Nimesoma dibaji nyingi za vitabu zisizokuwa na ukweli wa mstari huu mfupi.

Mzee alifungua kioo, akabonyeza kilimi kidogo kwa ukucha karibu na duara la sekunde, na mashine yote ikainuka kutoka katika kasha kwa bawaba, kama kifuniko cha sanduku. Kwa nyuma ilikuwa imefunikwa tena kwa kifuniko cha pili cha shaba ya manjano kilichopakwa dhahabu, cha kuzuia vumbi, kilichoshikwa kwa kamani ya buluu yenye umbo la mwezi mwandamo. Aliisukuma kamani hiyo kwa ncha ya koleo, akakivua kifuniko. Hapo ndipo nilipofahamu alichotaka kuniambia.

Palikuwa na bamba la dhahabu, na juu ya bamba daraja dogo lililoshika gurudumu la mizani, na daraja hilo lilijaa nakshi: majani yaliyojikunja, moja likitoka katika jingine, yakifuata ukingo bila ya kuuvuka. Kila jani limekatwa kwa mkono, kwa ncha ya feleji. Parafujo zake zina rangi ya buluu, na rangi hiyo ni ya moto, si ya wino. Feleji iliyong'arishwa ikipashwa moto polepole hugeuka kwanza manjano, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Fundi huitoa wakati huo huo, maana akichelewa kidogo itapita. Mwenye saa hakuwa na haja ya kuviona vitu hivi. Alikuwa akitia ufunguo katika tundu moja la mgongoni kila usiku, basi. Nakshi yote hii ilifanywa kwa ajili ya fundi saa atakayeifungua baada ya miaka kadhaa kuisafisha. Ni salamu ya fundi kwa fundi.

Mtu aweza kuuliza kama nakshi hiyo ina haki ya kuwapo, maana haiongezi hata sekunde moja ya usahihi. Mimi naona inayo, kwa sababu haimdanganyi mtu. Siwezi kusema hivyo juu ya vito vya saa za Liverpool za karne ile ile. Yakuti iliyotobolewa ina kazi ya kweli katika saa: ni ngumu, hailiki upesi, na ncha ya mhimili huzunguka ndani yake kwa ulaini, huku tone la mafuta likikaa mahali pake. Sanaa ya kutoboa yakuti kwa kazi hii ililetwa London na Nicolas Fatio de Duillier, mtu wa Uswisi, aliyepewa hati ya ubunifu pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Debaufre mwaka 1704, na kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa na ustadi huo peke yake. Kito chenye upana wa punje ya mtama hutosha na kubaki. Lakini mafundi wa Liverpool walizoea kutia vito vikubwa vyeupe, vipana kama madirisha, na ndivyo vilivyoitwa, madirisha ya Liverpool. Tundu la katikati lilikuwa dogo vile vile. Ukubwa uliozidi haukufanya kazi yoyote ila kumpendeza mnunuzi aliyefunguliwa saa dukani. Hilo kwangu ni kosa la mtunzi anayetafuta maneno makubwa.

Sasa nafika kwenye kiini cha saa hii, nami naomba subira ya msomaji.

Nguvu ya saa hutoka katika kamani, utepe wa feleji uliokunjwa ndani ya pipa dogo. Kamani ina aibu moja: ikiwa imejazwa sasa hivi huvuta kwa nguvu nyingi, na kadiri inavyokunjuka huvuta kwa unyonge. Ikiachwa hivyo, saa itakimbia asubuhi na kujikokota usiku. Dawa ya Waingereza ilikuwa pia. Fikiri ile pia wachezayo watoto, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, nayo imechongwa mfuo unaoizunguka kutoka chini hadi juu. Mkufu mwembamba umefungwa kwenye pipa la kamani kwa ncha moja na kwenye pia kwa ncha ya pili. Ukitia ufunguo, mkufu huhama kutoka pipani na kujizungusha juu ya pia. Saa ikienda, mkufu hurudi. Kamani inapokuwa na nguvu nyingi mkufu huvuta pale pia ilipo nyembamba, na kamani inapochoka mkufu umekwisha kufika pale ilipo nene. Jaribu kuusukuma mlango karibu na bawaba, kisha usukume karibu na kitasa. Nguvu kubwa ya kwanza na nguvu ndogo ya pili zitafanya kazi sawa. Pia humpa mwenye nguvu mahali pagumu, na mnyonge mahali pepesi, hata mwisho wa siku kazi zao zikalingana.

Wazo hili ni la zamani kuliko saa za Kiingereza, wala Waingereza hawakulibuni. Lakini walilishika kuliko watu wengine wote. Ni zuri kwa namna ambayo hesabu huwa nzuri. Umbo la pia si la mapambo, kila upana wake umetokana na unyonge wa kamani katika mzunguko ule. Ukitazama mkufu ukipanda juu yake polepole wakati wa kutia ufunguo, huwezi kutaka kitu zaidi.

Ila mkufu wenyewe haukutengenezwa na fundi wa London. Mzee aliuinua kwa koleo na kunipa kioo cha kukuzia. Urefu wake haupiti shubiri moja na upana wake ni kama uzi mnene wa kushonea, lakini ni mnyororo kamili mfano wa ule wa baiskeli: vipande vya feleji vyenye umbo la nambari 8, kimoja kikiingia baina ya viwili, vimeunganishwa kwa misumari isiyoonekana kwa jicho tupu. Idadi ya vipande hufika mamia. Sehemu kubwa ya mikufu ya namna hii ilitoka Christchurch, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza, ambako kazi hiyo ilianzishwa na Robert Harvey Cox mwaka 1790. Waliofanya kazi walikuwa wanawake na wasichana, baadhi yao nyumbani mwao, na wengine katika nyumba ya maskini ya mji, ambako aliyepewa chakula na serikali ya mtaa alitakiwa kukifanyia kazi. Watoto walitumiwa kwa sababu vidole vyao vilikuwa vidogo na macho yao bado mapya. Macho hayo hayakukaa mapya.

Mhakiki afanye nini na habari hii? Wako wasemao kwamba uzuri wa kitu ni wake mwenyewe, na jasho lililokileta si shauri la mhakiki. Mimi siwezi kulikubali hilo, wala siwezi kusema kwamba mkufu ule ni mbaya, kwa kuwa si mbaya; ni kazi nzuri kabisa iliyo katika saa ile, nzuri kuliko nakshi. Na dhahabu ile ya bamba ilipakwa kwa kuchanganywa na zebaki, ikachomwa motoni hata zebaki ikapaa moshi na dhahabu ikabaki, na mfanyakazi aliyesimama juu ya moto aliuvuta moshi ule wenye sumu. Nisemalo ni kwamba anayeisifu saa hii lazima aitamke Christchurch katika sifa zake, asiishie London.

Maana London ndiyo iliyoandikwa. Juu ya bamba, kwa herufi nzuri za mkono, pana jina la mtu na jina la mtaa wa London. Mgeni hudhani kwamba huyo ndiye aliyeitengeneza. Aghalabu alikuwa mwenye duka, au bwana aliyeagiza na kukusanya. Mashine ghafi, yaani mabamba, nguzo na magurudumu, zilitoka mara nyingi Prescot, katika jimbo la Lancashire, kwa watu waliokuwa na tupa zao na kerezo zao katika vibanda nyuma ya nyumba. Kisha zikapelekwa Clerkenwell, mtaa wa mafundi wa London, au Coventry, au Liverpool, kumalizwa. Mmoja alikata meno tu, mmoja alitengeneza akrabu tu, mmoja uso, mmoja vito, mmoja kasha, mmoja nakshi, mmoja kuchovya dhahabu, na mmoja, mwenye heshima kuliko wote, alikaa kuisikiliza na kuirekebisha hata ikaenda sawa. Mikono ilikuwa makumi, jina likawa moja, na si la hata mkono mmoja katika hiyo. Nimesema kwamba alama za fedha husema kweli. Jina la bamba, katika saa iliyo mbele yangu, ni ganda tu.

Yako, hata hivyo, majina yanayostahili. Thomas Mudge, mwanagenzi wa George Graham aliyekuwa fundi mashuhuri, alibuni yapata mwaka 1755 namna ya kuizuia na kuiachia nguvu ya saa kwa wenzo mdogo. Kabla ya hapo gurudumu la mizani lilisumbuliwa na mashine wakati wote lilipokuwa likienda na kurudi. Wenzo wa Mudge huligusa katikati ya safari yake tu, hulipa msukumo mdogo, kisha huliacha huru. Saa hii hufanya hivyo mara nne kwa sekunde, mara 345,600 kwa siku. Ajabu ni kwamba Mudge mwenyewe hakuishughulikia sana habari hiyo, na ilichukua yapata miaka 50 kabla mafundi wengine hawajaanza kuitumia kwa wingi. Tangu hapo imekuwa moyo wa karibu kila saa ya kamani duniani, ya mfukoni na ya mkononi.

Na yuko John Harrison, seremala, mwana wa seremala, ambaye hakufundishwa utengenezaji saa na mtu. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayeonyesha njia ya kujua melini mahali ulipo kwa kipimo cha mashariki na magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa moja. Basi nahodha mwenye saa inayoonyesha wakati wa nyumbani bila ya kukosea aweza kuulinganisha na jua la mahali alipo, akajua amekwenda umbali gani. Jua la Mombasa limetangulia la Greenwich kwa karibu saa 2 na dakika 39, nalo huitangulia Kisumu kwa karibu dakika 20, ingawa saa za ofisini za miji hiyo miwili zimefanywa kuwa sawa. Harrison alitengeneza mashine tatu kubwa za kuwekwa chini, na miaka ikapita. Kisha, mwaka 1759, akamaliza ya nne, nayo ilikuwa saa ya mfukoni kwa umbo, ya fedha, yenye kasha la ndani na kasha la nje, ila upana wake sentimita 13 na uzito wake karibu kilo moja na nusu. Uso mweupe, mapambo meusi, bamba lenye nakshi, na ndani yake vipande vya almasi mahali pa kuzuia gurudumu. Mwanawe William aliichukua melini kwenda Jamaika mwaka 1761, na huko, baada ya siku 81, hitilafu yake ilikuwa sekunde 5 tu kwa hesabu yao. Wakubwa wa zawadi walisitasita. Nusu ya fedha alilipwa mwaka 1765, na Bunge lilimlipa sehemu kubwa ya iliyobaki mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 80. Saa hiyo iko Greenwich mpaka leo.

Naitaja kwa sababu chembe yake imo katika saa ya Mzee. Ukitia ufunguo saa yenye pia, waigeuza pia kinyume, na kwa muda huo magurudumu hukosa wa kuyavuta. Saa husimama au hurudi nyuma kidogo kila usiku. Harrison aliweka ndani ya pia kamani ndogo ya akiba, inayoendelea kusukuma wakati mkono unapotia ufunguo. Iko humu. Mzee alinionyesha: alitia ufunguo polepole, na sauti yake haikukatika.

Nimeisifu vya kutosha. Kosa lake kubwa ni kwamba ilipotengenezwa haikuwa tena na haja ya kuwa ilivyo. Kamani za karne ya 19 zilikuwa bora kuliko za zamani, na wenzo wa Mudge haukuudhiwa sana na mabadiliko ya nguvu. Mafundi wa Uswisi walikwisha kuiacha pia na mkufu wake, wakapata saa nyembamba, nyepesi, za bei ndogo, nazo zilikwenda vema. Katika saa kubwa za melini pia ilikuwa na haki yake, kwa kuwa huko sekunde moja ni maisha ya watu. Mfukoni mwa mwalimu ilikuwa ni heshima tu. Waingereza waliishika kwa kiburi cha kazi, na kiburi hicho kina uzuri wake na kina gharama yake. Mwaka 1842 Pierre Frédéric Ingold, mtu wa Uswisi, alileta London mashine za kutengenezea sehemu za saa, zote za kipimo kimoja. Mafundi walipiga kelele, Bunge likaukataa muswada wa kampuni yake mwaka 1843, na kampuni ikafa. Mafundi wakashinda. Miaka 11 baadaye wazo kama lile lilikuwa likifanya kazi Waltham, nchini Marekani, katika kiwanda cha Aaron Dennison na wenzake, na baada ya miaka mingine 20 saa za Waltham zilikuwa zikiuzwa London yenyewe. Prescot ilikuja kujenga kiwanda kikubwa cha mashine mwaka 1889, ikiwa imechelewa. Ilipofika 1911 mashine zake zilikuwa zikipigwa mnada.

Siwalaumu kwa wepesi. Aliyetumia miaka saba ya uanagenzi kujifunza kupiga tupa hawezi kuambiwa asubuhi moja kwamba mashine yafanya vile vile naye akafurahi. Lakini walitetea mkufu na pia mahali ambapo ingaliwafaa kutetea jicho la yule mrekebishaji wa mwisho, ambalo mashine haikuwa nalo. Wenye viwanda huko Marekani waliwaajiri warekebishaji.

Saa ya plastiki ya betri inayouzwa kando ya barabara huishinda saa hii kwa usahihi. Hii hupoteza dakika mbili kwa siku, na Mzee asema haitapungua bila ya kuibadilishia kamani. Basi anayeitaka kwa ajili ya wakati tu ampe sonara.

Siku ya pili, nilipokuwa nikiaga, Mzee alinipa kioo cha kukuzia mara nyingine na kuligeuzia kasha kwenye mwanga. Pembeni mwa simba na chui, mahali nilipodhani ni mikwaruzo ya kutumika, palikuwa na maandishi madogo yaliyokwaruzwa kwa sindano: herufi mbili na mwaka 1871, nambari tu, bila ya jina, herufi nyingine na 1904, jingine lisilosomeka. Ni alama za mafundi waliowahi kuisafisha, kila mmoja akiandika ndani ya kifuniko ili saa ikirudi aitambue kazi yake. Hao hawakujiandika kwa ajili ya mnunuzi. Chini yao pote palikuwa na herufi moja ya mkono ninaoujua, na mwaka.

"Hii ni yako, Mzee?"

"Ni yangu. Hiyo ni mara ya kwanza ilipokuja. Marehemu alikuwa kijana bado."

Nikamwambia kwamba kwa hukumu yangu kazi imeipita fedha. Akasema ahsante, Mwalimu, lakini hakuonekana kama mtu aliyekuwa akingoja jibu. Jumamosi sonara alipokuja, Mzee alimuuzia ule mkufu uliokatika. Saa akaitia ufunguo, akairudisha kwenye msumari wake.